Mke na mume wote tumefilisika: pesa ya nyumbani ashike nani?

MwalimuWaMpakani (Busia, Uganda)

Habari zenu wana jukwaa. Watoto wamelala, baba yao amekaa kibarazani gizani tangu magharibi, na mimi nimeona niulize huku kwa sababu nyumbani hatuulizani tena.

Tuna shule ndogo ya chekechea na msingi, tuliianza 2014 kwa vyumba vitatu vya mabati. 2019 tukakopa benki milioni 60 tuongeze madarasa na choo. Hati ya kiwanja chenye nyumba yetu iko kwa jina la mume wangu, nami niliweka sahihi ya kukubali. Machi 2020 shule zikafungwa nchi nzima, na mpaka 10 Januari 2022 hatukupokea karo hata ya mtoto mmoja wa chekechea. Riba yenyewe haikufungwa. Mume wangu ni wakala wa forodha hapa mpakani, akachukua milioni 35 kwa mkopeshaji binafsi ili tuokoe shule, mimi nikawa mdhamini. Mimi nikachukua milioni 18 kwenye SACCO, yeye akawa mdhamini.

Sasa kila mmoja wetu ameletewa hati yake ya madai kutoka kwa wakili. Tumeshauriwa kwenda mahakamani tutangazwe mufilisi, sote wawili. Nina maswali mawili. Je, tunapeleka ombi moja kama mke na mume, au kila mtu lake? La pili ndilo linalonikosesha usingizi: katika kipindi hiki pesa ya kula ishikwe na nani? Tangu tuoane 2009 tulikuwa na kikapu kimoja. Juzi nilikuwa napiga rangi viatu vyake vya Jumapili nikakuta elfu 80 zimekunjwa ndani ya soksi. Sikusema kitu. Na mimi nina elfu 45 kwenye mkebe wa majani ya chai. Tumefika huko.

Boda_Arua

Pole sana dada. Ile ya soksi imenichoma moyo. Usimgombeze kaka, mwanaume akiona maji yamefika shingoni huficha hata senti.

Swali: shule imesajiliwa kama kampuni au ni ya jina lenu? Hapo kuna tofauti kubwa.

KaraniWaWakili (Kampala)

Dada, mimi nafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Nakueleza ninavyoviona kila wiki, lakini mtafute wakili wenu asome karatasi zenyewe.

Kwa Uganda hakuna ombi la pamoja la mke na mume. Sheria ya Ufilisi ni ya 2011, ilianza kutumika 1 Julai 2013, na inamtazama mdeni mmoja mmoja. Ndoa haiwafanyi kuwa mdeni mmoja. Kwa hiyo ni maombi mawili, majalada mawili, viapo viwili, na kila mmoja anaandika taarifa ya mali na madeni yake. Kila ombi linatangazwa gazetini pia, jiandaeni kwa hilo. Mkishatangazwa, mali ya kila mmoja inakwenda kwanza mikononi mwa Mpokeaji Rasmi, ofisi yake iko URSB, idara ya serikali ya usajili, kisha kwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali atakayeteuliwa.

Hiyo hati mliyoletewa si barua ya kutisha tu. Mtu akipewa hati ya madai ya kisheria ana siku 20 za kazi kuitii, au awahi mapema mahakamani iondolewe. Zikipita kimya, mahakama inachukulia kwamba hawezi kulipa. Angalieni tarehe mliyopokea.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: vyombo vya kazi, nguo, matandiko na mahitaji ya msingi ya nyumbani havichukuliwi. Watoto hawatalala sakafuni.

Boda_Arua ameuliza vizuri. Kama shule ni kampuni, deni la kampuni ni la kampuni, isipokuwa pale mlipoweka sahihi binafsi ya udhamini. Na kwa maelezo yako mliweka.

MzeeWaMalaba

Binti yangu, nisikilize mimi niliyeona mengi hapa mpakani. Msiingie wote wawili! Katika nyumba lazima abaki mmoja msafi. Mmoja azame na madeni yote, mwingine abaki na jina zuri, aweze kukopa, kusajili biashara, kulipa karo. Hamisheni kila kitu kwa jina la yule msafi kabla hamjaenda mahakamani. Ndivyo wafanyabiashara wa Kikuubo kule Kampala wanavyofanya.

KaraniWaWakili

Mzee wangu, kwa heshima zote, ushauri huo utawapeleka pabaya. Mali iliyohamishwa kwa mke, mume au ndugu mtu akiwa tayari ameelemewa inaweza kutenguliwa na kurudishwa kwenye fungu la wadai. Na mahakama ikiona udanganyifu, kuachiliwa, yaani kutolewa kwenye ufilisi, kunakuwa kugumu.

Halafu angalia udhamini wao. Yeye amemdhamini mume, mume amemdhamini yeye. Mke akitangazwa peke yake na baadaye akaachiliwa, kuachiliwa kwake hakumwachilii mdhamini. SACCO itamgeukia mume kwa ile milioni 18 kama kawaida. Hakuna msafi hapo. Walifungana kamba wenyewe kwa mapenzi.

MgandaMinnesota

Salamu kutoka baridi. Huku Marekani mke na mume wanaweza kupeleka ombi moja la pamoja, sheria yao imeruhusu waziwazi. Fomu moja, ada moja. Mimi na mke wangu tulipitia, kwa hiyo sizungumzi ya kusikia. Kazi yangu ya ghala ilikatwa, yeye akaugua, bili za hospitali zikarundikana.

Kuna njia mbili kubwa. Sura ya 7, mali isiyolindwa inauzwa na madeni mengi yanafutwa haraka. Sura ya 13, mnabaki na mali lakini mnalipa kila mwezi kwa msimamizi aliyewekwa miaka 3 hadi 5. Sisi tulikuwa ya 13, miaka 5 kamili.

Dada, ninachotaka ukisikie ni hiki. Kwenye zile fomu kuna ukurasa wa mapato ya nyumba na ukurasa wa matumizi ya nyumba. Wanataka kila kitu: chakula, umeme, nguo, mafuta ya gari, hata kunyoa. Na hata akiomba mmoja peke yake, mapato ya mwenzake yanaandikwa pia maadamu wanaishi pamoja. Ule ukurasa wa matumizi ndio uliotukalisha meza moja mimi na mke wangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Nikagundua alikuwa anamtumia mama yake dola 150 kila mwezi. Yeye akagundua yangu, siitaji hapa.

Boda_Arua

Kaka Minnesota, hiyo ya "siitaji hapa" tutarudi kwayo jioni 😄

MzeeWaMalaba

Sheria za Marekani zinamsaidiaje mtu wa Busia? Huko hata mbwa ana bima.

MgandaMinnesota

Mzee, sikuleta sheria, nimeleta ule ukurasa wa matumizi. Karatasi na kalamu ziko Busia pia.

MamaCherehani (Mbale)

Mwalimu, pole mama. Mimi nakupa yangu, na niliiona kwa macho.

Mume wangu alidaiwa na mfanyabiashara wa mbao, kesi ikaisha, beilifu wa mahakama akaja saa kumi na mbili asubuhi na kijana wa pikapu. Nilikuwa nachemsha uji. Wakaandika: friji moja, viti vya sofa vitano, televisheni moja, cherehani mbili. Kijana akabeba cherehani ya kwanza, ile ya kukanyaga, uzi mwekundu bado umo kwenye sindano, gauni la gomesi la mteja limebana chini ya mguu wake. Nikashika gurudumu. Nikamwambia beilifu, "Ssebo, hii ni yangu, si ya mume wangu, na ndiyo kazi yangu." Akaniuliza swali moja tu: "Risiti iko wapi?"

Risiti ilikuwa na jina la mume wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa dukani siku hiyo na pesa yangu.

Zikaenda zote mbili. Ya pili ilikuwa na risiti ya jina langu, nikaipata baada ya wiki tano, wakili alinisaidia kupeleka pingamizi mahakamani kwamba mali iliyokamatwa si ya mdaiwa. Ile ya kwanza iliuzwa. Magodoro, sufuria na nguo hawakugusa, hapo Karani amesema kweli.

Kwa hiyo swali lako la nani ashike pesa, mimi nasema kila mtu ashike yake na karatasi yake. Kikapu kimoja ni kizuri siku za heri. Siku ya beilifu kikapu kimoja ni cha mdai.

JiraniNakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Kwetu sheria mpya ya 2015 imerahisisha, ukitangazwa mufilisi unaachiliwa wenyewe baada ya miaka 3, huombi mtu. Nadhani Uganda ni vivyo hivyo, dada vumilia miaka 3 tu.

KaraniWaWakili

Jirani, miaka 3 ya Kenya inahesabiwa tangu mtu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, wengi wanaisahau hiyo. Na Uganda si vivyo hivyo. Hapa lazima uombe mahakama ikuachilie, baada ya kuhojiwa hadharani, na mahakama inaangalia ulivyojiendesha: ulificha? ulishirikiana na mfilisi? Kabla ya kuachiliwa huwezi kuwa mbunge, na nafasi nyingine za umma zimefungwa.

Nimeona wanandoa ambao mmoja aliachiliwa na mwingine akakataliwa kwa sababu hakutaja kiwanja cha kijijini. Hapo nyumba iligawanyika kweli.

JiraniNakuru

Asante kwa kunisahihisha, nimejifunza.

BintiKasese

Mimi nataka kuuliza tulipoanzia. Kwa nini wote wawili? Mnaongea kama vile mvua imenyesha tu. Mimi ni binti wa walimu wawili wa serikali. Baba alichukua mkopo wa mshahara kimya kimya, mama naye kimya kimya. Baba alimwachia mkopeshaji kadi yake ya ATM na namba ya siri, kila mwisho wa mwezi mtu anakwenda kwenye mashine anatoa yake kwanza, baba anapokea masalio kama posho ya mtoto. Mama vilevile, kwa mkopeshaji mwingine mtaa uleule. Walikutana kwenye mashine tarehe 28, kila mmoja akimsubiri mkopeshaji wake.

Siri ndiyo inayofilisi nyumba. Janga lilikuja tu kukuta ufa.

DadaWaOwino

Hapana BintiKasese, usimlaumu mwalimu. Shule zilifungwa karibu miaka miwili! Ni siri gani hapo? Ni nchi ilifungwa. Mimi najua mwenye shule Wakiso aligeuza madarasa kuwa banda la kuku.

Boda_Arua

Hazikufungwa moja kwa moja lakini. Darasa la saba walirudi Oktoba 2020, wakafungiwa tena Juni 2021. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nambeba mtoto wa jirani.

MwalimuWaMpakani

Boda_Arua ni kweli, ila chekechea yetu haikufunguliwa kabisa hadi 2022, na chekechea ndiyo iliyokuwa inalisha shule. Darasa la saba tulikuwa na watoto 11.

BintiKasese mwanangu, sijakasirika. Kuna ukweli unaousema. Ile milioni 35 niliambiwa ni 25. Niliijua 35 siku ya kuweka sahihi ya udhamini, mbele ya mkopeshaji, nikaona aibu kuuliza mbele ya watu. Nikasaini.

MgandaMinnesota

Hiyo aibu ya kuuliza mbele ya watu imeuza nyumba nyingi.

MzeeWaMalaba

Mkopeshaji alitoza ngapi?

MwalimuWaMpakani

Asilimia 12 kwa mwezi, mzee. Na tuliandikishwa karatasi ya "mauzo" ya kibanja (kipande cha ardhi) cha baba mkwe wangu, si ya mkopo. Mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) akagonga muhuri.

KaraniWaWakili

Hapo simama. Hiyo karatasi ya mauzo mpelekeeni wakili wiki hii. Kuandika mkopo kama mauzo ni mchezo wa zamani wa wakopeshaji, na mahakama zetu zimezoea kutazama kilichotendeka badala ya kichwa cha karatasi. Wakopeshaji binafsi wanasimamiwa kwa sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, wanatakiwa wawe na leseni. Mwishoni mwa 2024 serikali iliweka ukomo wa riba yao asilimia 2.8 kwa mwezi. Mkopo wenu ni wa kabla ya hapo, lakini wakili aangalie leseni ya mtu huyo na hesabu nzima. Huenda milioni 35 inayodaiwa si deni halali lote.

Na hicho kibanja ni cha baba mkwe? Kama mzee anakaa hapo na mkewe, na mkewe hakukubali, hilo nalo ni jambo. Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

HajiBombo

Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Katika dini yetu mke ana mali yake na mume hana haki ya kuigusa, hata kama yeye mume amefilisika. Kulisha nyumba ni juu ya mume. Mahari ya mke ikiwa haijalipwa nayo ni deni juu ya mume. Kwa hiyo kwangu mimi swali la nani ashike pesa lina jibu tangu zamani: mke ashike yake, mume alete chakula kadiri ya uwezo wake, na mke akitoa chake ni hisani, iandikwe.

Na wadai nao wana amri yao. Suratul Baqara aya ya 280, mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike. Nawauliza ndugu, ni nani kati ya wadai wa mwalimu amewahi kukaa naye kwenye mkeka?

MwalimuWaMpakani

Sisi ni Waanglikana, Haji, lakini nimeipokea. SACCO wamewahi kuja nyumbani, wakakaa, wakanywa chai. Benki wametuma barua tu.

DadaWaOwino

Haji kasema mke akitoa chake ni hisani. Nchi hii ya leo nani analisha nyumba? Nenda soko la Owino saa kumi na moja alfajiri uone nani anafungua marobota. Nyumba ya mwalimu hata shule ni ya mke. Ukimwambia akae pembeni ashike yake, watakula nini? Hisani?

HajiBombo

Dada, sijasema akae pembeni. Nimesema iandikwe. Mama Cherehani amepoteza cherehani kwa kukosa maandishi, nami nimesema jambo lilelile kwa kauli nyingine.

MamaCherehani

Kweli Haji. 🙏

MwalimuWaMpakani

Nimerudi. Leo nimekaa na daftari kama alivyosema kaka wa Minnesota. Nimeandika ya wiki moja: unga wa posho kilo 10, maharage kilo 4, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia nusu lita mara mbili, debe la makaa, sabuni ya mche, umeme wa Yaka elfu 10, boda ya mume kwenda forodhani, dawa ya kifua ya mtoto wa mwisho. Nimejumlisha mara mbili. Tunaishi kwa elfu 118 kwa wiki, watu saba. Nilimwachia daftari mezani. Asubuhi nimekuta ameongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake: "sigara 6,000". Miaka kumi na tano sikujua anavuta.

Nina mambo mawili yananitesa kuliko benki. Walimu wangu wanne sijawalipa mihula miwili. Na kwenye nigiina yetu, kikundi chetu cha kuchangiana kwa zamu, nilishapokea zamu yangu mwezi wa tatu, milioni 2.4, nikalipia umeme wa shule na chakula. Bado nadaiwa kuchangia zamu za wenzangu wanane, elfu 200 kila mwezi. Hawa ni wanawake wanaouza nyanya na omena. Nikitangazwa mufilisi, wao wanakuwaje?

KaraniWaWakili

Walimu wako: mishahara ya wafanyakazi ina nafasi ya mbele katika mgao, kabla ya wadai wa kawaida, ndani ya ukomo wa sheria. Waandike majina na kiasi. Usiwaache nje ya orodha kwa aibu.

Nigiina: ni wadai kama wengine. Waandikwe nao. Na hapa nitasema neno ambalo hutalipenda. Ukiwalipa wao leo ukijua kabisa huwezi kuwalipa wengine, huo unaitwa upendeleo, na mfilisi anaweza kuudai urudi.

DadaWaOwino

Karani, samahani sana, mimi hapo sikubaliani na nitakufa sikubaliani. Mfilisi aende akadai elfu 200 kwa mama wa nyanya? Benki ina majengo. Yule mama akikosa zamu yake mtoto harudi shule. Na mwalimu akiugua usiku, ni benki itakayokuja na boda? Ni nigiina. Mimi nilifiwa 2021 wakati wa vizuizi, nigiina walinichangia sanda na unga kabla ndugu hawajafika. Nalipa nigiina kwanza, hata mahakamani nitalisema hivyo.

KaraniWaWakili

Dada, moyo wangu uko na wewe. Nimeeleza sheria ilivyo. Kwa uzoefu wangu mfilisi hahangaiki na elfu 200, anatafuta viwanja na magari. Lakini mwalimu ataapa kwamba taarifa yake ni kamili. Nisingependa aape uongo.

BintiKasese

Je, mume akilipa nigiina kwa pesa yake? Deni si lake.

KaraniWaWakili

Yeye naye ana ombi lake na wadai wake. Akitoa pesa kulipa deni lisilo lake, wadai wake watauliza. Ndiyo maana nasema majalada mawili, lakini macho ya wadai yanatazama jikoni moja.

MzeeWaMalaba

Basi mimi nauliza kuhusu nyumba, hamjaigusa. Benki inauza baada ya siku 21, si ndiyo? Mwalimu ahame lini?

Boda_Arua

Mzee, 21 ni za mwisho. Dada yangu alipitia hapa Arua. Kwanza notisi ya kushindwa kulipa, siku 45 za kazi. Zikipita ndipo notisi ya kuuza, siku 21 za kazi.

KaraniWaWakili

Boda_Arua umepiga penyewe. Na mkienda mahakamani kusimamisha mnada, kanuni za rehani za 2012 zinairuhusu mahakama kuwataka muweke asilimia 30, ama ya bei ya kuuza kwa haraka ama ya deni lililobaki. Wengi wanakwama hapo.

Kuhusu ufilisi na nyumba ya ndoa: iliyowekwa rehani ina njia yake, kwa sababu benki ina dhamana mkononi na inasimama nje ya foleni ya wadai wengine. Ridhaa ya mke ndiyo ya kuchunguza. Mwalimu, ulipoweka sahihi ulielezwa unachosaini, na mtu asiye wa benki? Ulipewa nakala?

MwalimuWaMpakani

Nilisaini benki, dirishani, nimembeba mtoto. Nakala sikupewa.

KaraniWaWakili

Mwambie wakili maneno hayohayo.

MzeeWaMalaba

Mimi nilimdhania anajitetea tu. Pole binti yangu. Lakini bado nasema, kabla ya mahakama kaeni na wadai. Jina kwenye gazeti linasomwa na kila mtu mpakani. Nani atampa mume kontena la kushughulikia forodhani akisoma hivyo?

KaraniWaWakili

Hapo mzee nakuunga mkono. Sheria ileile ina njia ya mapatano: mdeni anaomba amri ya muda ya kumlinda, wadai wanasimama kidogo, anapeleka pendekezo la kulipa, wadai wanapiga kura. Kwa mtu mwenye kipato kama wakala wa forodha inaweza kufaa kuliko kutangazwa. Na inamwepusha na gereza la madai. Watu wanasahau kwamba Uganda wadaiwa wa kesi zilizokwisha wamekuwa wakiwekwa ndani hadi miezi 6, na wakitoka deni liko palepale.

Boda_Arua

Ndiyo maana wengi wanakimbilia Juba. Huku kwetu ukiona mwanaume hayupo wiki tatu, usiulize amekwenda kutafuta nini.

BintiKasese

Au mke anakwenda kyeyo, kazi za vibarua, Uarabuni, pesa inarudi kwa mume aliye mufilisi, na hapo nani ashike? Mama alikwenda Oman 2018. Alimtumia shangazi, hakumtumia baba. Baba hakumsamehe, na sisi tulisoma kwa pesa hiyo. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki.

MgandaMinnesota

Kwa miaka yetu 5 tulifanya hivi: mishahara miwili iliingia akaunti moja, malipo ya mahakama yakatoka kwanza, yaliyobaki tukayaweka kwenye bahasha. Mke alishika ya chakula, mimi ya gari na kodi. Kila mmoja alikuwa na dola 20 kwa wiki za kutoulizwa. Zile 20 ndizo zilizotuokoa. Mwalimu, muachie mumeo elfu 6 yake ya sigara kwa sasa, mtaizungumza siku nyingine.

MamaCherehani

Mimi bado nasema mifuko miwili na risiti. Akaunti moja ikizuiwa mnalala njaa wote.

DadaWaOwino

Na mimi nasema nigiina kwanza 😤

HajiBombo

Mwalimu, tuambie mlifikia wapi.

MwalimuWaMpakani

Asanteni nyote, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea yeye.

Jana usiku nilitoa mkebe wa chai nikauweka mezani, nikahesabu mbele yake, elfu 45. Akanyamaza. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kile kiatu. Zilikuwa zimebaki 62. Hatukuzungumza kuhusu 18 zilizotoka. Tumekubaliana daftari likae juu ya friji na kila mtu aandike mwenyewe, na shilingi za chakula nishike mimi kwa mwezi huu, mwezi ujao yeye. Akaunti tumeacha kila mtu yake, Mama Cherehani.

Wanawake wa nigiina niliwaita kwangu Jumamosi nikawaambia ukweli wote. Mmoja alilia, mmoja alinitukana, na ana haki. Wamenipa hadi tarehe 30 ya mwezi ujao ndipo tuzungumze tena. Majina yao nimeyaandika kwenye taarifa, yote manane, na ya walimu wanne.

Kesho tunapanda basi la alfajiri kwenda Kampala kumwona wakili mwingine, yule anayejua mapatano. Tunakwenda pamoja lakini kila mtu na faili lake. Mume wangu anauliza kama ile karatasi ya "mauzo" ya kibanja tubebe ya asili au nakala.

KaraniWaWakili

Bebeni zote mbili. Ya asili isitoke mkononi mwenu, wakili aione tu na kuirudisha.

MamaCherehani

Na kusanya risiti zote za shule, mama. Madawati, ubao, sufuria ya uji. Angalia zina jina la nani.